Maelekezo ya kroshia yanayochanganya: namna ya kuyasoma mpaka hesabu itimie

Wengi wanaokwama kwenye kroshia hawakwami mkononi. Mpe mtu kitambaa cha kochi cha jirani akiangalie, atakifuma na kitatoka vizuri. Mpe karatasi yenye maandishi kama "ch 3, sk first st, *dc in next 3 sts", atafika safu ya nne kingo zimeanza kuingia ndani, atafumua, ataanza upya, na safu ya nne itamgomea palepale.

Sababu karibu kila mara ni moja: ameanza kufuma kabla hajamaliza kusoma. Maelekezo ya kroshia yameandikwa kwa mkato na kila mstari una hesabu ndani yake. Hesabu hiyo ifanywe kwa penseli kwanza, sindano baadaye. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Maelekezo yenyewe kwenye karatasi. Kama yako kwenye simu, nakili kwa mkono angalau safu tano za mwanzo. Kwenye kioo cha simu ni rahisi kuruka mstari, na huwezi kuchora chochote juu yake.
- Penseli, kifutio na daftari.
- Uzi mnene kiasi, wa rangi nyepesi. Usijifunze kusoma maelekezo kwa uzi mweusi au wa bluu iliyokoza. Hutaona mishono yako, kwa hiyo hutaweza kuihesabu.
- Sindano ya kroshia ya milimita 4 au 5.
- Vipande vifupi vya uzi wa rangi tofauti, au pini, vya kuwekea alama.
- Futi ya utepe, ile ya fundi cherehani.

## Majina nitakayotumia

Wengi wetu tumefundishwa kwa kuangalia mikono ya mama, shangazi au wenzetu wa kikundi, kwa hiyo majina ya mishono hutofautiana nyumba kwa nyumba. Hapa nitasema hivi:

- Mnyororo: vitanzi vinavyofuatana, mwanzo wa karibu kila kazi.
- Mshono wa kuungia: unaingiza sindano, unavuta uzi, unaupitisha moja kwa moja. Hauna kimo.
- Mshono mfupi: huzungushi uzi kwenye sindano kabla ya kuingia.
- Nusu nguzo: unazungusha uzi mara moja, unaingia, kisha unavuta kupitia vitanzi vyote vitatu kwa pamoja.
- Nguzo: unazungusha mara moja, unaingia, kisha unatoa vitanzi viwiliviwili.
- Nguzo ndefu: unazungusha mara mbili, na unatoa viwiliviwili vilevile.

## Hatua ya 1: Jua kama ni maandishi ya Marekani au ya Uingereza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mfumaji kujua. Marekani na Uingereza hutumia vifupisho vilevile kwa mishono tofauti.

- Mshono wa kuungia: Marekani "sl st", Uingereza "ss" au pia "sl st".
- Mshono mfupi: Marekani "sc", Uingereza "dc".
- Nusu nguzo: Marekani "hdc", Uingereza "htr".
- Nguzo: Marekani "dc", Uingereza "tr".
- Nguzo ndefu: Marekani "tr", Uingereza "dtr".

Angalia "dc". Kwa Mmarekani ni nguzo. Kwa Mwingereza ni mshono mfupi, ambao kimo chake hakifiki hata nusu ya nguzo. Ukikosea hapo, sweta ya mtoto inaweza kutoka ndefu kama kanzu.

Namna ya kutambua: tafuta "sc" popote kwenye karatasi. Ukiiona, ni ya Marekani, maana Uingereza hawana kifupisho hicho. Neno "miss" kwa maana ya kuruka mshono ni la Uingereza. "Skip" au "sk" mara nyingi ni la Marekani. Kama hujapata dalili, tazama mnyororo wa kupandia ("ch"), yaani vitanzi vinavyofumwa mwanzoni mwa safu ili kufikia kimo chake. "Ch 3" ikifuatwa na "dc" ni Marekani. "Ch 3" ikifuatwa na "tr", au "ch 1" ikifuatwa na "dc", ni Uingereza.

Tahadhari: usikisie kwa nchi ya mwandishi. Wapo Wazungu wengi wa Ulaya wanaoandika kwa mtindo wa Marekani ili wauze huko, na Waaustralia hutumia mtindo wa Uingereza. Isitoshe, usisome karatasi ya Uingereza huku ukitazama video ya Mmarekani.

Umefaulu kama: umeandika "Marekani" au "Uingereza" kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Mifano yote inayofuata hapa ni ya Marekani.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha yako ya vifupisho

Soma maelekezo yote tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kifupisho utakachokiona kiandike daftarini pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Hivi ndivyo utakavyokutana navyo mara kwa mara:

- "st, sts": mshono, mishono
- "ch-sp": nafasi iliyo chini ya mnyororo
- "sk": ruka
- "rep": rudia
- "rnd": mzunguko
- "inc": ongeza, yaani mishono miwili kwenye tundu moja
- "dec" au "sc2tog", "dc2tog": punguza, yaani unganisha miwili iwe mmoja
- "BLO", "FLO": ingiza sindano kwenye uzi wa nyuma tu, au wa mbele tu
- "RS", "WS": upande wa mbele wa kazi, upande wa nyuma

Mishono ya mapambo ni jambo jingine. "Shell", "cluster", "V-st" na "popcorn" hazina kipimo kimoja duniani. Kwa mwandishi mmoja "shell" ni nguzo tano kwenye tundu moja, kwa mwingine ni saba. Maelezo yaliyo kwenye karatasi uliyoshika ndiyo ya kufuata, hata kama unaufahamu mshono huo kwa namna nyingine.

## Hatua ya 3: Hakiki mnyororo wa mwanzo

Sasa tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Ni kitambaa cha nguzo chenye matundu:

> Ch 25. Ch 3 at beg of row counts as first dc.
> Row 1: Dc in 4th ch from hook and in each ch across, turn. 23 dc.
> Row 2: Ch 3, sk first st, dc in next 2 sts, \*ch 1, sk next st, dc in next 3 sts, rep from \* across, turn. 18 dc, 5 ch-1 sps.
> Row 3: Ch 3, sk first st, dc in next 2 sts, \*dc in ch-1 sp, dc in next 3 sts, rep from \* across, turn. 23 dc.
> Rep Rows 2 and 3.

Mnyororo wa vitanzi 25, lakini safu ya kwanza ina nguzo 23. Viwili vimekwenda wapi? Hapa watu hudhani wamehesabu vibaya na kuongeza vitanzi. Usiongeze.

Nguzo ya kwanza inaingia kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano. Vile vitatu vilivyorukwa vinasimama wima na kuhesabiwa kuwa nguzo moja. Vinabaki 22, kila kimoja kinapata nguzo yake. Jumla 23.

Kitanzi kilicho juu ya sindano hakihesabiwi kamwe, wala lile fundo la kuanzia. Ukivihesabu utapungukiwa.

Maelekezo mengine hayatoi idadi kamili bali husema "multiple of 4 + 1". Maana yake: chagua namba yoyote, zidisha kwa 4, kisha ongeza 1 mara moja tu, mwishoni. 6 mara 4 ni 24, ongeza 1 unapata 25. Ukitaka kitambaa kipana, 20 mara 4 ni 80, na 1 ni 81.

Umefaulu kama: safu ya kwanza imeisha kwenye kitanzi cha mwisho kabisa cha mnyororo, na ukihesabu nguzo kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto, unapata 23 mara zote mbili.

## Hatua ya 4: Vunja kila safu vipande vipande

Hii ndiyo hatua yenye kazi kuliko zote, na ndiyo inayoondoa mkanganyiko. Chukua safu ya pili. Kila ukifika kwenye koma, weka mkwaju (/) kwa penseli. Kila kipande kiandike upya kwa Kiswahili chako:

1. Panda kwa mnyororo wa 3. Hii ni nguzo ya kwanza.
2. Ruka mshono wa kwanza, ule ambao mnyororo umesimama juu yake.
3. Nguzo moja moja kwenye mishono miwili inayofuata. Sasa zipo tatu.
4. Nyota inaanza: mnyororo 1, ruka mshono 1, kisha nguzo moja moja kwenye mishono mitatu inayofuata. Nyota inaishia hapa.
5. Rudia nyota mpaka mwisho wa safu. Geuza kazi.

Sasa fanya hesabu ambayo maelekezo hayakufanyii: nyota moja inakula mishono mingapi ya safu ya chini? Mmoja umerukwa, mitatu imefumwa: minne. Kabla ya nyota ulikuwa umetumia mitatu. 23 ukitoa 3 ni 20, na 20 ukigawa kwa 4 ni 5. Nyota itarudiwa mara tano, bila salio.

Hakiki kwa jumla iliyoandikwa: nguzo 3 za mwanzo, na nyota tano zenye nguzo tatu kila moja, 15. Jumla 18. Matundu ya mnyororo ni matano. Ndivyo karatasi ilivyosema.

Kama mgao ungebaki na salio, ungejua hapohapo, kabla ya kugusa uzi, kwamba ama mnyororo wako una kasoro ama karatasi ina kosa. Dakika mbili za penseli zinakuokoa jioni nzima ya kufumua.

### Nyota na mabano havifanyi kazi sawa

"\*…, rep from \* 4 more times" ni mara tano kwa jumla: umefanya mara moja, kisha umerudia nne. "Rep from \* 4 times" nayo kwa kawaida ni tano. Lakini mabano yakifuatwa na namba, kwa mfano "(sc, inc) 4 times", ni mara nne tu kwa jumla.

Si waandishi wote wanaofuata utaratibu huu kwa uaminifu. Ukiwa na shaka, acha jumla ya mwisho wa safu iamue.

Mabano yana kazi nyingine pia. "(2 dc, ch 1, 2 dc) in next ch-sp" maana yake vyote vilivyo ndani ya mabano vinaingia kwenye nafasi moja. Hakuna kurudia hapo.

## Hatua ya 5: Angalia namba iko upande gani

Linganisha mistari hii miwili:

> Dc in next 3 sts
> 3 dc in next st

Wa kwanza: nguzo tatu, kila moja kwenye mshono wake. Kazi haipanuki. Wa pili: nguzo tatu zote kwenye mshono mmoja. Umeongeza mbili, na kazi inafunguka kama kipepeo. Maneno ni yaleyale, ila namba imehama. Piga duara kwenye namba hiyo kila unapoiona, na ujiulize: mishono ya chini ni mingapi?

Tofauti nyingine ya kuangalia ni kati ya "in ch" na "in ch-sp". Ya kwanza inakutaka uchome sindano ndani ya kitanzi chenyewe cha mnyororo. Ya pili inakutaka upitishe sindano chini ya mnyororo wote, kwenye uwazi. Katika safu ya tatu ya mfano wetu ni uwazi. Ukichoma kitanzi, tundu litavutwa upande na kitambaa kitaonekana kimepinda.

## Hatua ya 6: Linda kingo

Kazi inayoanza na upana wa sentimita 30 ikaisha na 22 ina tatizo kwenye kingo, na kingo zina sehemu mbili tu za kukosea.

Mwanzo wa safu. Mnyororo wa kupandia ukihesabiwa kama nguzo, lazima uruke mshono ulio chini yake. Usiporuka, unaongeza mmoja kila safu. Ukiwa hauhesabiwi, lazima ufume kwenye mshono huohuo. Usipofanya hivyo, unapoteza mmoja. Kwa kawaida mnyororo wa 3 kwa nguzo huhesabiwa, na mnyororo wa 1 kwa mshono mfupi hauhesabiwi. Mnyororo wa 2 kwa nusu nguzo hutegemea mwandishi, kwa hiyo tafuta sentensi yenye "counts as" au "does not count".

Mwisho wa safu. Nguzo ya mwisho ya safu ya pili inaingia kwenye kichwa cha mnyororo wa 3 wa safu iliyotangulia. Kichwa hicho hakifanani na vichwa vya nguzo nyingine, ni chembamba na kimejificha pembeni, kwa hiyo wengi humaliza safu bila kukiona. Dawa yake: kila ukimaliza kupanda mnyororo wa 3, funga kipande cha uzi wa rangi kwenye kitanzi cha tatu, palepale. Ukirudi, alama inakuonyesha pa kuchoma.

Umefaulu kama: baada ya safu sita ukilaza kitambaa mezani, kingo zote mbili zimenyooka na safu ya sita ina idadi ileile iliyoandikwa kwa safu ya pili, yaani nguzo 18 na matundu 5.

## Hatua ya 7: Kazi ya mviringo

Kofia, mikeka ya meza na wanasesere huanzia katikati. Soma kwanza neno moja: "join" au "do not join".

"Join with sl st" maana yake kila mzunguko unafungwa kwa mshono wa kuungia kabla ya kupanda. Mshono huo hauhesabiwi, na kwenye mzunguko unaofuata usifume juu yake. Wanaoufuma hupata mshono mmoja wa ziada kila mzunguko na hawajui umetoka wapi. "Do not join" maana yake unaendelea bila kufunga. Hapo lazima uweke alama kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko na kuihamisha, la sivyo hutajua mzunguko umeishia wapi.

Duara bapa la mishono mifupi likianza na 6, linaongezeka 6 kila mzunguko: 6, 12, 18, 24, 30, 36. La nguzo kwa kawaida huanza na 12 na kuongezeka 12. Ukijua hilo, mstari kama "\*sc in next 2 sts, 2 sc in next st; rep from \* around" hautakutisha: kila nyota inakula mishono 3 ya chini na kutoa 4. Kwenye 18 zinaingia nyota sita, unapata 24.

Duara likianza kufanya mawimbi, umeongeza kupita kiasi. Likianza kukunjamana kama bakuli, umeongeza pungufu. Rudi kwenye hesabu ya mzunguko uliopita. Usijaribu kulinyoosha kwa kuvuta uzi.

## Hatua ya 8: Saizi na kipimo

Nguo huandikwa saizi zote kwa pamoja: "Ch 72 (80, 88, 96)". Namba ya kwanza ni saizi ndogo, za ndani ya mabano ni zinazofuata. Ukifuma ya tatu, pitia karatasi nzima na uzungushie namba ya tatu kila mahali kabla hujaanza. Anayechagua njiani huishia na mgongo wa saizi moja na kifua cha nyingine.

Kisha tafuta "gauge", au "tension" kwa Waingereza. Mfano: mishono 16 kwa inchi 4, yaani sentimita 10. Fuma kipande cha mraba cha sentimita 15, kilaze bila kukivuta, upime sentimita 10 za katikati. Ukipata mishono 18, unakaza, basi panda sindano kubwa zaidi. Ukipata 14, shuka.

Kwa kitambaa cha kochi tofauti hiyo haina madhara. Kwa sweta ni janga. Mishono 80 kwa kipimo cha 16 ni sentimita 50. Kwa kipimo cha 18 ni kama sentimita 44. Mbele na nyuma zikiungwa, umepoteza zaidi ya sentimita 11 za kifua.

Kuhusu sindano, fuata milimita. Herufi za Marekani hukua kadiri sindano inavyonenepa: G ni milimita 4, H ni 5. Namba za zamani za Uingereza huenda kinyume: 8 ni milimita 4, na 6 ni milimita 5. Sindano nyembamba za chuma za uzi wa pamba, zile za vitambaa vya makochi, nazo namba zikiwa kubwa sindano ni nyembamba.

## Kama kuna mchoro, anzia huko

Maelekezo mengi yana mchoro wa alama, na kwa maoni yangu ndiyo njia ya haraka zaidi kwa msomaji asiyetumia Kiingereza kila siku. Duara dogo lililobonyea ni kitanzi cha mnyororo. Nukta ni mshono wa kuungia. Msalaba au alama ya x ni mshono mfupi. T tupu ni nusu nguzo, T yenye mkato mmoja ni nguzo, yenye mikato miwili ni nguzo ndefu. Alama kadhaa zikikutana chini, zote zinaingia tundu moja. Zikikutana juu, zinaunganishwa kuwa mshono mmoja.

Safu husomwa kwa zamu, moja kutoka kulia na inayofuata kutoka kushoto. Mizunguko husomwa kinyume cha saa kwa anayetumia mkono wa kulia.

## Ukiendelea kukwama

Soma safu mbili za mbele kabla ya kufumua. Mara nyingi safu ya tano ndiyo inayoeleza ya nne ilikuwa inajenga nini.

Kisha fumua safu moja tu, si kazi nzima, na uhesabu tena ile iliyo chini yake. Kosa likionekana safu ya sita, mara nyingi lilizaliwa safu ya tano.

Kama umehesabu na mishono yako ni sahihi lakini nyota haigawanyiki, shuku karatasi. Makosa ya uchapaji yapo hata kwenye maelekezo ya kununua. Linganisha jumla ya safu hiyo na idadi ambayo safu inayofuata inahitaji ili nyota zake zigawanyike. Namba inayotosheleza safu ya juu ndiyo mwandishi aliyokusudia. Iandike kwa penseli pembeni, fuma kwa hiyo, na kama mwandishi anapatikana, mwambie safu gani ina kosa na hesabu yako imetoka wapi ili arekebishe kwa wengine.